Karatasi ya shule ya Aprili
Dada, hiyo karatasi ya shule aliyoleta mwanao, yenye habari za mtihani, siku ya michezo na safari ya wanafunzi, isikutishe. Mtihani ni wa jimbo: hapa Marekani watoto wa darasa la 3 hadi la 8 hupimwa kusoma na hesabu kila mwaka. Wiki hiyo alale mapema, basi. Siku ya michezo anahitaji raba na chupa ya maji tu. Fomu ya safari ndiyo ya haraka. Usiposaini, wenzake wataondoka yeye abaki. Yule mdogo akitimiza miaka 5, mwandikishe chekechea mapema: beba hati ya umri, kadi ya chanjo na bili yenye anwani yako. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, waambie ofisini. Usimtegemee mtoto akutafsirie, mengine atayaruka makusudi huyo!