Zamu haihitaji msingi

SWALI: Nimetengeneza gemu ya simu inayofuata mpira wa karatasi, ule mchezo wa kuchora mistari kwenye daftari la hesabu wanaoucheza sana wanafunzi wa Poland. Kwenye maelezo nimeandika: "Mchezo wa kimkakati wa kiminimalisti wenye msingi wa zamu, uliohamasishwa na soka." Rafiki yangu anasema "wenye msingi wa zamu" si Kiswahili. Nani yuko sahihi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Rafiki yako. Mshukuru, maana amekuzuia usiingie kwenye kundi ambalo nimepambana nalo miaka mingi.

Nyumba ina msingi. Hoja ina msingi, au haina. Zamu haijengewi juu yake kitu. Aliyeanzisha "wenye msingi wa" alikutana na neno la Kiingereza lenye vipande viwili, kama "turn-based", akadhani kila kipande lazima kipate tafsiri yake, hata kile ambacho Kiswahili hakina kazi nacho. Sasa ugonjwa umeenea. Juzi nimesoma kwenye paketi "kinywaji chenye msingi wa soya". Nimesikia mtangazaji akisema "kampuni yenye msingi wake Nairobi", kana kwamba ni ghorofa linalochimbiwa shimo.

Chukua jiko la mkaa. Kila mtu analijua, mama lishe hadi profesa. Mkaa ndio unaoliendesha; bila mkaa ni bati na udongo tu. Kama kuna kitu duniani kilichostahili kuitwa "chenye msingi wa mkaa", ni hilo jiko. Je, kuna aliyewahi kwenda sokoni akaulizia "jiko lenye msingi wa mkaa"? Muuzaji angedhani unatafuta la kujengea. Tunasema jiko la mkaa, na kwa herufi mbili tu, "la", habari imekwisha. Ndivyo tulivyopata taa ya chemli, treni ya umeme na supu ya nyanya. Hiyo "-a" ndogo imebeba mizigo ya lugha hii karne na karne, na inaniuma kuona watu wanaiona haitoshi. Mchezo wako ni mchezo wa zamu. Basi.

Zamu lenyewe ni neno la mabaharia. Kwa Waarabu wa majahazi, zam ilikuwa muda wa saa 3 wa kulinda chombo, kisha mwingine anashika. Kwa hiyo kupokezana kumo ndani ya neno tayari.

Wala si mara ya kwanza tunacheza kwa zamu. Kwenye bao, mchezaji anasambaza kete. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, anaziokota na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala, mwenzake anashika. Sasa tazama mpira wako wa karatasi. Uwanja ni wa miraba 8 kwa 10, mpira uko katikati, na kila mchezaji anachora mstari mmoja kuelekea upande wowote kati ya nane, ila harudii mstari uliokwisha chorwa. Akifika kwenye nukta iliyokwisha pitiwa, au kwenye ukuta, mpira unadunda na anachora tena. Akifika kwenye nukta tupu, zamu imehama. Kanuni hiyo ya kulala, wazee wa barazani wanaijua tangu zamani! Unaitafutia maneno ya nini ugenini?

"Kiminimalisti" futa. Mpira una neno lake: mchezaji asiye na madoido. "Uliohamasishwa" nao uondoke, kwa sababu anayehamasishwa ni mtu, kwa hotuba au kwa ngoma. "Mkakati" nakuachia, ingawa watangazaji wa soka wakisema "mbinu" wanaeleweka upesi zaidi.

Andika hivi: "Soka ya zamu isiyo na madoido. Chora mstari, dundisha mpira, funga bao." Na kwenye ukurasa wa kanuni, pale ulipoandika "zamu ya mchezaji hukamilika mpira unapofikia nukta ambayo haijatumika", weka: "Mpira ukitua kwenye nukta tupu, umelala."