Huyo ni G.I. Joe, au ni wa Lanard?

Ndugu, unauliza kama huyo askari wa plastiki uliyempata kwenye boksi la dola moja ni G.I. Joe, yule mwanasesere askari wa kampuni ya Hasbro, we mgeuze tu umchungulie makalioni au mgongoni, ukikuta jina Hasbro na mwaka huyo orijino, ukikuta Lanard, kampuni nyingine ya vinyago, basi ni The Corps!, wale wa kumuiga Joe walioanza kutoka 1986, saizi ileile ya inchi 3 na robo tatu. Halafu Joe wa miaka ya 80 ana kimpira ndani ya kiuno, kikioza anakatika vipande viwili. Mi ninao wa Lanard tisa, mmoja hana kidole gumba na nyusi zimepakwa hadi kwenye paji, mama alininunulia hao maana wa Hasbro bei ilikuwa haishikiki, siwauzi ng'o.