Je, utando wa kuchujia majitaka hauzibi?

Swali: Mhariri, nimesoma kwamba majitaka huchujwa kwa utando wenye vitundu vidogo kuliko bakteria. Je, hauzibi upesi?

Jibu: Huziba, na tatizo hilo huwashughulisha mno watafiti wa uhandisi wa kemikali. Vitundu hivyo vina upana wa takribani mikromita 0.01 hadi 0.1 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo bakteria hubaki nje. Lakini protini na sukari wanazozitoa hujibandika juu ya utando, zikafanya tabaka la ute ambalo maji hulipenya kwa shida, na pampu ikalazimika kutumia umeme mwingi zaidi. Viputo vya hewa hupulizwa kutoka chini ili kuusugua utando, maji yaliyokwisha kuchujwa husukumwa kinyumenyume, na mara kwa mara utando huoshwa kwa hipokloriti ya sodiamu, dawa ya klorini kama ile ya kung'arishia nguo, ambayo ikizidi huuchakaza utando wenyewe. Ndiyo maana nauthamini zaidi utafiti wa kuufanya uso wa utando uvute maji, kwani uchafu wa mafuta na protini hupata taabu kushikamana nao. Chumvi iliyoyeyuka, hata hivyo, hupita. Kuiondoa kunahitaji utando ulioshonana zaidi, wa osmosisi ya kinyume, yaani njia ya kuyasukuma maji kwa shinikizo kubwa yapite huku chumvi ikibaki nyuma.