Binti yangu anataka kuwa mweupe

Shangazi shikamoo. Niko Majengo hapa Moshi, binti yangu ana miaka 9, juzi nimemkuta anajipaka usoni krimu ya mdogo wangu eti awe mweupe kama mwenzake wa darasani. Nikamchapa ila roho inaniuma. Nifanyeje?

Marahaba mama. Hiyo krimu itoe bafuni leo leo, soma nyuma ya kopo, ukikuta haidrokwinoni (hydroquinone) au zebaki (mercury), kemikali za kung'arisha ngozi, ujue zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na zebaki inaharibu figo. Kumchapa sasa hapo uliteleza, mtoto kaelewa kitu kimoja tu kwamba rangi yake ni kesi. Muombe msamaha (ndiyo, mzazi anaomba), muulize nani kamwambia ni mbaya, usimkatishe. Mara nyingi chanzo kiko sebuleni kwetu, “huyu mweusi tii kamchukua babake”, tunacheka yeye anameza, kwahiyo mdogo wako na bibi yake waambie hayo maneno yaishe. Halafu msifie na vitu anavyofanya, mfano akibeba ndizi toka soko la Mbuyuni bila kununa. Kama ni utani wa darasani kaongee na mwalimu, usimvizie mtoto wa watu getini.