Kabla hujatuma madai ya kipimo cha umeme wa misuli, soma faili lote

Naishi Shangani, Mtwara, na kazi yangu ni kuandaa madai ya bima ya kliniki moja ya Marekani inayochunguza jinsi watu wanavyotembea. Kwao kukiwa kiangazi, saa tisa alasiri yetu ni saa mbili asubuhi ya pwani yao ya mashariki. Ndipo ninapofungua kompyuta.

Kabla ya hapo nilikaa dirisha la bima katika hospitali moja mkoani Lindi, nikishughulika na fomu za NHIF. Kuna mzee wa Kilwa ambaye fomu yake ilirudi kwa sababu hakuweka saini, na mwenyewe alishapanda basi kurudi kwao. Tangu siku hiyo nikawa nakagua fomu mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Nilipohamia kazi ya mtandaoni niliiacha tabia hiyo, na nikaumia.

Kipimo chenyewe hakina fumbo. Mgonjwa anabandikwa vipande vya kunasa umeme juu ya ngozi, anatembea, na kompyuta inachora kila msuli unapokaza na unapolegea. Chukua mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayetembea kwa ncha za vidole. Daktari anataka kujua kama misuli ya shavu la mguu inakaza mguu ukiwa hewani, wakati inapaswa kuwa imelegea. Jibu hilo linamsaidia kuamua kama mtoto achomwe sindano ya kulegeza msuli, apasuliwe au aendelee na mazoezi.

Mtoto wa namna hiyo ndiye niliyemkosea. Alipimwa misuli 8, nami nikaandika msimbo 96002 mara nane. Msimbo huo wa CPT, orodha ya namba za kudaia huduma za kitabibu inayotolewa na Chama cha Madaktari cha Marekani, unabeba kuanzia msuli 1 hadi 12 kwa mkupuo. Uliotaja msuli mmoja wakati huo ulikuwa 96003, wa waya mwembamba unaoingizwa ndani ya msuli. Madai yalikataliwa, na barua ya bima ilimfikia mama wa mtoto kabla sijajua, ikiwa na kiasi kikubwa ambacho hakumpasa kudaiwa. Mama huyo alilia kwenye simu. Niliposimuliwa sikupata usingizi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza kazi hii, soma maelezo ya msimbo hadi nukta ya mwisho. Misimbo 96000 hadi 96004 ni ya maabara maalumu ya mwendo: yenye uwezo wa kupiga video mbele, nyuma na pande zote mbili, kupima mwendo na nguvu kwa kompyuta ya 3D, na kupima umeme wa misuli. Kifaa kidogo kwenye chumba cha mazoezi ya viungo hakitoshi. Tena 96002 hauandikwi pamoja na misimbo ya kipimo cha umeme wa misuli kwa sindano, 95860 hadi 95866.

Nyaraka ndizo zenye kazi kubwa. Niliwahi kupokea ripoti ya mstari mmoja: “Misuli 8 imepimwa, matokeo yameambatishwa.” Misuli ipi? Mguu upi? Mtoto alitembea peku au na kiatu cha msaada? Daktari alikuwa anataka kuamua nini? Mchoro wa mashine si ripoti. Msimbo 96004 unalipia daktari kuyapitia matokeo na kuandika tafsiri yake, kwa hiyo maneno yake yasipokuwepo kwenye faili, usiutume. Nataka kuona sentensi kama hii: “Shavu la mguu wa kulia linakaza mguu ukiwa hewani, katika hatua zote zilizorekodiwa.”

Siku hizi nimerudia tabia ya Lindi. Faili likiingia, nahesabu misuli kwenye mchoro, kisha kwenye maelezo ya fundi, kisha kwenye ripoti ya daktari. Hesabu zikigongana namwandikia fundi papo hapo, angali anakumbuka alibandika wapi. Natumia mfumo wa kliniki wenyewe na namba ya faili tu. Jina la mgonjwa silitaji hata WhatsApp, maana sheria yao ya HIPAA ya 1996 inalinda siri hizo. Maabara inafungwa saa sita usiku ya huku, na umeme wetu unaweza kukatika saa yoyote, kwa hiyo bando la simu naliweka tayari kabla ya magharibi.