Kabla ya kununua chochote, jaribuni kurejesha: jibu langu kuhusu mpango wa dharura wa kompyuta

Mkuu mleta uzi, umeuliza taasisi yenu ya watu kama arobaini ianzie wapi kuandaa mpango wa usalama wa kompyuta na wa kuendelea na kazi likitokea janga. Umesema bosi amekupa wiki mbili, na naona wengi wamekutajia programu za kununua. Mimi nimeshughulika na seva, yaani kompyuta kuu zinazotunza data za ofisi, miaka mingi, na nimepitia siku ambayo mpango uliosainiwa na wakubwa wote haukutufaa kitu. Nikueleze ya siku ile kwanza, maana jibu langu limo humo.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mhasibu alinipigia akasema mafaili yake yote yamebadilika majina na hayafunguki. Sijamaliza kuongea naye, mtu wa stoo naye akapiga. Nilipofika kwenye seva nikakuta ujumbe umejaa kioo kizima: mafaili yenu yamefungwa, lipeni fidia. Moyo wangu ulikuwa bado umetulia, kwa sababu bakapu, yaani nakala za akiba, tulikuwa nazo mbili: diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva, na nakala iliyokuwa ikipanda kila usiku kwenye wingu, yaani seva za kampuni nyingine kupitia intaneti. Nikainama kuitazama ile diski. Taa yake ilikuwa inapepesa haraka haraka. Virusi vilikuwa bado vinaendelea kuifunga, faili moja baada ya jingine, mbele ya macho yangu. Nikachomoa waya, lakini kilichosalia hakikuwa cha kufaa.

Nakala ya kwenye wingu ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba tulikuwa tumeifunga kwa nenosiri refu, kama inavyotakiwa, na nenosiri lenyewe tulilitunza kwenye faili ndani ya seva ileile. Tulilipata jioni kwa mwenzetu aliyekuwa ameshaacha kazi, ambaye siku ya kusimika mfumo alilinakili kwenye daftari lake. Angekuwa amelitupa lile daftari, sijui leo ningekuwa nakuandikia nini.

Halafu ikaja kazi ya kushusha data. Hili watu hawalipigii hesabu kabisa, kwa hiyo naomba ulifanyie hesabu leo hii. Data ya terabaiti 2, kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde inayokwenda kwa kasi yake yote bila kukatika, inachukua takribani saa 44 kushuka. Na laini haiendi kwa kasi yake yote hata siku moja. Sisi ilituchukua karibu siku tatu. Kwenye ule mpango wetu uliosainiwa, tulikuwa tumeandika kwamba mifumo itarejea ndani ya saa nne. Hakuna aliyewahi kujaribu. Namba iliandikwa kwa sababu ilipendeza kwenye karatasi.

Ndiyo maana nasema wiki ya kwanza usiguse kompyuta. Nenda ukae na mhasibu, mtu wa stoo, na anayepokea wateja, umuulize kila mmoja mambo mawili. Kwanza, kazi yako ikisimama, inaweza kusimama muda gani kabla hatujaumia? Pili, tukilazimika kurudi nyuma, unaweza kuingiza upya kumbukumbu za muda gani: saa moja, siku moja, wiki? Majibu hayo ndiyo yanayoamua bakapu ichukuliwe mara ngapi na mfumo upi urudishwe kwanza. Utashangaa kwamba jibu linabadilika kwa tarehe. Mfumo wa mishahara unaweza kulala wiki mbili mwanzoni mwa mwezi bila mtu kulalamika, ila ukilala siku mbili kabla ya malipo, ni balaa kwa familia za watu.

Muulize pia kila mmoja angefanyaje kazi bila kompyuta. Kwetu, siku zile tatu, idara iliyosimama imara ni stoo. Mzee wa stoo alikuwa hajaacha kutunza kitabu chake cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Alikifungua, akaendelea kutoa mzigo na kuandika, na mfumo uliporudi tukaingiza kurasa zake zote kwa nusu siku. Mpaka leo, kila idara ninayoipangia lazima iwe na fomu za karatasi zilizochapishwa tayari, kabatini. Printa nayo ni ya mtandao, usiitegemee siku hiyo.

Usidhani haya ni ya taasisi ndogo tu. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliiangukia Maersk, kampuni ya meli ya Denmaki. Seva zao zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo moja ikifa nyingine zinaibeba. Ila hawakujiandaa kwa siku ambayo zingefutwa zote kwa pamoja, na ndicho kilichotokea. Iliyopona ilikuwa moja, katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kule na seva haikuwa mtandaoni. Januari 2018 mwenyekiti wao alieleza kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Kwa hiyo mtu akikwambia "seva zetu zinanakiliana", mwambie hiyo si bakapu. Kosa au virusi vikiingia upande mmoja, vinanakiliwa upande wa pili papo hapo.

Na adui si lazima awe mhalifu. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, akiwa anahangaika kutatua tatizo usiku, alifuta data kwenye seva ambayo siyo aliyokusudia. Walipogeukia bakapu wakakuta njia walizozitegemea hazifanyi kazi, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Walichookolewa nacho ni nakala ya saa sita nyuma, iliyochukuliwa kwa bahati kwa ajili ya majaribio. Nawaheshimu sana kwa kulieleza hadharani bila kuficha. Tarehe 19 Julai 2024 nako, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Nyingi zililazimika kushughulikiwa moja moja kwa mkono, na zile ambazo diski zake zilifungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, zilidai ufunguo wa kurejesha. Niliposoma hilo nikakumbuka lile daftari.

Wiki ya pili sasa, hiyo ndiyo ya bakapu. Kanuni ya zamani bado inafaa: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Mimi naongeza kwamba moja iwe haifikiki kwa waya wala kwa akaunti yoyote ya kila siku. Diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini inatosha kwa taasisi yenu. Kisha chukua laptopu tupu, jifanye seva haipo, washa saa ya kuhesabia, na urejeshe mfumo mmoja mpaka mhasibu afungue ankara ya jana na kusema ndiyo, hii ndiyo. Andika ilichukua muda gani na ulikwama wapi. Namba hiyo ndiyo umpelekee bosi, hata kama ni mbaya. Hasa kama ni mbaya.

Kwenye ulinzi sitakaa sana, wenzangu wameshasema: uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe, akaunti ya msimamizi isitumike kwa kazi za kawaida, na masasisho yasicheleweshwe. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lililotumiwa na virusi vya WannaCry, kilitolewa tarehe 14 Machi 2017, na shambulio likaja tarehe 12 Mei. Waliozembea ile miezi miwili ndio walioumia.

Ila kuna moja linaloniuma bado. Baadaye tuligundua kwamba dada mmoja wa mapokezi aliona mafaili yenye majina ya ajabu Jumamosi jioni. Alizima kompyuta yake akaenda nyumbani, kwa sababu hakujua amwambie nani, na aliogopa ataambiwa yeye ndiye aliyeharibu. Tulimpoteza mtoa taarifa wa kwanza kwa saa zaidi ya thelathini. Kwa hiyo mpango wako uwe na karatasi moja ukutani: ukiona kitu usichokielewa, chomoa waya wa mtandao au zima waifai, usifute chochote, mpigie fulani, asipopokea mpigie fulani. Na bosi aseme kwa mdomo wake, mbele ya wote, kwamba anayetoa taarifa haadhibiwi. Iandikwe pia nani ana ruhusa ya kuzima seva usiku wa wikendi bila kumsubiri mtu.

Ukishafanya lile jaribio la laptopu tupu, rudi hapa uandike lilichukua saa ngapi. Mkikwama kwenye hatua yoyote, weka maelezo tusaidiane.