Usiulize Kama Wanahitaji Giga 10, Omba Kuona Grafu

"Kaka, hivi kweli kuna soko la vifaa vya giga 10 hapa kwetu?" Ameniandikia juzi kijana wa Mtwapa anayetaka kufungua duka la vifaa vya mtandao. Giga 10 ni kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde. Amenipata siku nzuri. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemkabidhi mtoa huduma mmoja wa intaneti wa Kisauni katoni ya moduli za SFP+, vile vipande vidogo vinavyochomekwa kwenye vifaa vya mtandao ili kuviunganisha na faiba kwa giga 10, na hakuomba hata kupunguziwa.

Soko lipo, na mimi nimelipata kwa kudharauliwa. Meneja wa kampuni moja hapa Mombasa, jina nalihifadhi, aliniweka mapokezi mpaka adhuhuri, kisha akaniambia mbele ya mafundi wake: "Wateja wangu wananunua Mbps 10. Giga 10 nimuuzie nani?" Wakacheka. Kicheko kile bado ninacho.

Alikuwa akipiga hesabu ya mteja mmoja. Wewe piga ya mtaa mzima. Wateja 400 wa Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) ni Mbps 4,000, yaani giga 4 zilizouzwa. Robo yake tu ikitumika kwa wakati mmoja, lango la giga 1 linalomuunganisha mtoa huduma na msambazaji anayemuuzia intaneti limejaa. Na saa tatu usiku, watoto wako YouTube, baba yuko kwenye mpira, robo hiyo haikawii kufika.

Ndiyo maana siku hizi siendi na orodha ya bei. Namwomba mtu anifungulie grafu ya matumizi ya intaneti ya jana usiku. Matumizi ya watu hupanda na kushuka. Ukiona mstari umepanda tangu magharibi, ukakaribia giga 1, kisha ukalala kama meza hadi saa tano, basi wateja wanataka zaidi na lango halina pa kuwapitishia. Hapo sina haja ya maneno mengi. Grafu, kijana. Grafu kwanza.

Ushindani nao umetusaidia sisi wauzaji. Starlink, intaneti ya setilaiti, iliingia Kenya Julai 2023. Septemba 2024 Safaricom ikapandisha kasi za faiba ya nyumbani na kuleta kifurushi cha giga 1. Wadogo ninaowauzia nao wakalazimika kupandisha, na kupandisha kasi kwenye bango ni rahisi kuliko kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao. Simu zikaanza kuingia. Hata yule meneja alipiga, tena usiku. Nilimuuzia kwa bei ya kawaida, ila nilimwambia aje dukani mwenyewe.

Usikimbilie ruta kubwa. Ruta hununuliwa mara moja kwa miaka, moduli zinahitajika kila kiungo kinapoongezwa, na kila kiungo kinataka mbili. Weka za LR, zile za kilomita 10 kwenye faiba ya singo modi, na za BiDi, zinazotuma na kupokea kwenye uzi mmoja wa faiba, kwa wenye uzi mmoja tu wa kukodi. BiDi uza kwa jozi: upande mmoja unatuma kwa mwanga wa nanomita 1270, wa pili kwa wa 1330. Ukimpa fundi mbili za aina moja, kiungo hakiwaki, na saa sita usiku juu ya paa la ghorofa atalitaja jina lako vibaya. Muulize pia moduli inaingia kwenye kifaa gani, maana kuna swichi zinazoikataa isiyo na msimbo wa kampuni yao. Na SFP+ ina umbo lile lile la SFP ya giga 1, lakini lango la giga 1 haliwezi kuipa giga 10. Wengi wanaponunua moduli, kumbe na swichi inabidi ibadilishwe. Mwambie kabla hajalipa, hata kama atakwenda kujipanga upya. Vijana mnapenda faida ya leo leo, na biashara hii inataka mtu atakayerudi.

Za giga 100 ziache kwanza. Wanaozihitaji ni wakubwa wenye mitambo ya nyaya za baharini na njia ya Mombasa–Nairobi, na hao huagiza kwa zabuni moja kwa moja kwa watengenezaji. Ukiziweka dukani Mtwapa zitakulalia na mtaji wako.